Swynnerton na Chakula cha Mbung'o

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba mimea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, na kwamba wanyama wote huishi kwa kula mimea au kwa kula wanyama wengine waliokula mimea. Sasa utasoma habari za mtu aliyeyatumia maarifa hayo katika jambo zito, yaani kutafuta njia ya kumzuia mdudu aliyekuwa akiwaua ng'ombe na watu katika nchi yetu. Mtu huyo ni Charles Francis Massy Swynnerton.

Kwanza mfahamu mdudu mwenyewe. Mbung'o ni nzi mwenye urefu wa milimeta 6 hadi 14. Akitua, hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama visu vya mkasi uliofungwa. Dume na jike wote wawili hufyonza damu. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Jike hulea lava mmoja tu tumboni mwake, akimlisha maziwa yanayotokana na damu aliyofyonza, na kila baada ya siku 9 au 10 hivi humzaa lava aliyekwisha kukua. Lava huyo hujichimbia katika udongo laini wenye kivuli, akageuka kuwa buu, akakaa humo mwezi mmoja hivi mpaka atoke akiwa mbung'o kamili. Jambo hili ulikumbuke, kwa sababu litakusaidia kuelewa kazi ya Swynnerton.

Mbung'o anapofyonza damu huweza kupokea au kupitisha vijidudu ambavyo huwezi kuviona bila hadubini. Ng'ombe akivipata huugua nagana: hukonda, hupungukiwa damu, na mara nyingi hufa. Binadamu huugua malale. Lakini nyati, ngiri na wanyama wengi wa porini huwa na vijidudu hivyo damuni bila kuonyesha ugonjwa.

Swynnerton alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Akiwa bado kijana alikwenda kulima karibu na msitu wa Chirinda, mashariki ya nchi ambayo sasa inaitwa Zimbabwe. Hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Alikuwa mkulima mwenye tabia ya kuuliza maswali na kuandika majibu. Kati ya mwaka 1908 na 1913 alifuga ndege mbalimbali na kuwapa vipepeo na wadudu wengine, akiandika ni wadudu gani waliliwa na ni wepi waliokataliwa. Aligundua kwamba ndege mwenye njaa hula hata kipepeo mchungu, bali ndege aliyekaribia kushiba huchagua walio watamu tu. Kwa hiyo, kujua nani humla nani hakutoshi. Yafaa pia kujua mlaji ana njaa kiasi gani.

Jambo la pili alilojifunza huko lilitoka kwa wazee wa Kiafrika. Walimweleza kwamba zamani, katika utawala wa Mfalme Mzila wa Gaza aliyefariki mwaka 1884, nyanda fulani za mpakani mwa Msumbiji hazikuwa na mbung'o, na ng'ombe walilishwa humo. Mzila aliwapeleka watu wengi kuishi katika nyanda hizo. Walikata miti, wakalima, wakachoma majani, wakawinda. Mwaka 1889 mfalme aliyemfuata, Ngungunyane, alihamia mbali kusini pamoja na watu wengi. Vichaka vikaota tena, nguruwe-mwitu na wanyama wengine wakarudi, na mbung'o wakarudi nyuma yao. Swynnerton aliyachunguza maneno hayo kwa kuitazama nchi yenyewe, akaona ni ya kweli, akayaandika katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1921. Wataalamu wengi wa wakati ule hawakudhani kwamba mfalme wa Kiafrika angeweza kuwa na mpango wa kupambana na mbung'o. Swynnerton alidhani, na hiyo ni sifa yake kubwa.

Mwaka 1919 aliletwa Tanganyika, iliyokuwa imetwaliwa na Waingereza kutoka kwa Wajerumani, akawa Bwana Nyama mkuu wa kwanza wa serikali yao. Hali ilikuwa mbaya. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umewaangamiza ng'ombe na nyati kwa wingi mno. Njaa na vita vikafuata, mashamba yakaachwa, na pori likaenea. Wanyama wa porini walipoongezeka tena, mbung'o walipata damu ya kutosha na vivuli vya kutosha, nao wakaenea pamoja na pori. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, kusini ya Ziwa Viktoria, na Swynnerton alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuyachunguza. Katika uchunguzi wa namna hii alipatikana mbung'o wa aina isiyojulikana bado na sayansi, na mwaka 1923 akapewa jina la kitaalamu Glossina swynnertoni.

Sasa uandike mnyororo huu katika daftari lako: jua, nyasi, ngiri, mbung'o, vijidudu vya malale. Nyasi hupokea nishati ya jua na kuihifadhi. Ngiri hula nyasi. Mbung'o hufyonza damu ya ngiri. Vijidudu hujilisha ndani ya mwili wa mbung'o. Ulinganishe na mnyororo mwingine: jua, nyasi, swala, chui. Katika mnyororo wa chui, anayekula ni mkubwa kuliko panzi au mwenye nguvu kuliko swala. Katika mnyororo wa mbung'o, kila anayemla mnyama mwingine ni mdogo sana kuliko anayeliwa, naye anayeliwa haifi mara moja. Lakini nishati husafiri kwa njia ile ile katika minyororo yote miwili, nayo hupungua kila hatua. Kwa kukadiria, katika nishati iliyomo ndani ya nyasi alizokula ngiri, ni kama sehemu 1 kati ya 10 tu inayojenga mwili wake. Nyingine hutumika katika kukimbia, kupumua na kuutia mwili joto, na nyingine hutoka katika kinyesi. Ndiyo maana mbuga hulisha nyasi nyingi mno, ngiri wachache, na chui wachache zaidi.

Je, mnyororo wa mbung'o ukatwe wapi? Wengine walitaka wanyama wote wa porini wauawe kwa bunduki, ili mbung'o wafe njaa. Hesabu yao ilikuwa na maana, kwa kuwa mbung'o bila damu hufa baada ya siku chache. Lakini Swynnerton, aliyekuwa pia mlinzi wa wanyama, alitafuta mahali pengine pa kukata. Hakuigusa damu, aligusa kivuli. Kichaka kikiondolewa, mbung'o hana pa kupumzika wakati wa joto kali, na udongo uliopigwa na jua huwaua mabuu. Huko Shinyanga, maelfu ya Wasukuma walifyeka vichaka kwa mashoka yao. Walikubaliana pia kutochoma nyasi mapema. Nyasi ziliachwa zikauke kabisa, kisha zikachomwa mwishoni mwa kiangazi, moto ukawa mkali wa kutosha kuunguza hata vichaka. Mwaka 1929 Swynnerton alifanywa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya kazi hiyo. Kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936.

Msaidizi wake mmoja anastahili kutajwa hapa, hasa kwako unayeishi Dodoma au Singida. Bernard Dearman Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea aliyetembea sana Kondoa, Singida na Manyoni. Mwaka 1929 alichapisha orodha ya matunda na mbegu zinazosambazwa na wanyama na ndege wilayani Singida. Mnyama hula tunda, hupata nishati yake, kisha huiacha mbegu mbali katika kinyesi chake. Kwa hiyo mti hulisha na pia hufaidika. Kichaka kimoja cha Itigi kiliitwa Burttia kwa heshima yake.

Mwezi Juni 1938 Swynnerton na Burtt walisafiri pamoja kwa ndege. Ndege hiyo ilianguka katika sehemu za kati za Tanganyika, na wote wawili wakafa.

Ufyekaji uliendelea baada yao, na sehemu nyingi zilipata ng'ombe wengi pasipo miti ya kutosha. Nchi ya Shinyanga ikawa kavu na wazi. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wananchi wakarudishia ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa desturi ya Kisukuma ili nyasi na miti vipate kuota. Huko Kondoa, ambako watu na mifugo walikuwa wamebanana juu ya vilima kwa kuogopa mbung'o wa mabondeni, mmomonyoko ulichimba makorongo makubwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Siku hizi, katika hifadhi kama Serengeti na Tarangire, mbung'o huvutwa na vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vilivyotiwa dawa, na vichaka huachwa mahali pake.

Kazi ya kufanya: Tembea na wenzako kuzunguka shule. Chagueni mmea mmoja, mwandike kila kiumbe mnachokiona kikila majani, maua, matunda au utomvu wake, kisha mwulize mzee mmoja wa kijiji ni mnyama gani aliyekuwa akiula mmea huo zamani na haonekani tena. Chora mnyororo wa chakula wa zamani na wa sasa, ukionyesha kwa mishale nishati inakotoka na inakokwenda.