Mtakatifu Kizito, Rafiki wa Watoto Wetu



Wapendwa, katika furaha ya Jubilei hii tumeona vyema kumkumbuka mtakatifu ambaye wanakwaya huwasimulia watoto wa PMC habari zake kabla ya mazoezi yao ya nyimbo.

Kizito alikuwa mtoto wa Buganda, mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda. Alitumikia katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na huko akajifunza dini. Tarehe 15 Novemba 1885, Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakristo hapo ikulu, aliuawa. Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Aliwafundisha vijana na kuwakinga na matakwa machafu ya mfalme, hasa Kizito.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli alitambua kwamba hatari imefika. Aliwabatiza Kizito na wenzake waliokuwa bado wakatekumeni. Kulipokucha waliitwa mbele ya Kabaka, nao hawakuikana imani. Walifungwa, wakapelekwa Namugongo, na tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa Bwana, wakachomwa moto. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, na ubatizo wake ulikuwa wa juma moja tu.

Watoto hutuuliza kama aliogopa. Hatuwafichi. Inasimuliwa kwamba aliomba washikane mikono na Karoli ili woga usimshinde. Jambo hilo hata mtoto wa Gredi ya Kwanza hulielewa, kwa maana naye hutafuta mkono gizani.

Kwetu sisi wazazi, walimu na wanakwaya, hapo ndipo penye kazi. Kizito alikuwa na mtu mzima wa kumkimbilia, aliyekuwa tayari kuumia kwa ajili yake. Je, mtoto wa parokia yetu akitishwa na mkubwa, atamwendea nani? Tukimsimulia Kizito, basi tuwe tayari pia kumsikiliza, kumwamini na kumkinga.

Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hawa kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Hadi leo, kila mwaka, mahujaji hupita hapa Eldoret wakielekea Malaba hadi Namugongo. Tuwaombee, na tuwaombee watoto wetu.

Mtakatifu Kizito, utuombee.

Katibu, kwa niaba ya Kwaya