ORSON WELLES, MTU ALIYETISHA WATU KWA SAUTI

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye hatukujifunza jina lake ku kalasi, lakini kazi yake inatugusa sisi watu wa Butembo na Beni, kama mtakavyoona ku mwisho.

Orson Welles alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tano 1915 katika muji wa Kenosha, Marekani. Mama yake, mpiga piano, alikufa mwaka 1924, mtoto akiwa na miaka 9. Baba yake alikuwa mtu wa pombe, naye akafariki mwaka 1930. Basi ku miaka 15 Orson alikuwa yatima kabisa. Kilichomshika mukono ni masomo. Ku shule ya wavulana ya Todd, mwalimu Roger Hill aliona kipaji chake, akamwachia fasi ya kucheza teatri. Wenzetu mnaosoma bila wazazi, msipite haraka hapa.

Mwaka 1931 alikwenda Ireland. Ku muji wa Dublin akajitambulisha kama mchezaji mkubwa kutoka New York. Ulikuwa uongo mtupu, lakini alijua kucheza, wakamkubali. Tabia ile ya kucheza na ukweli ilimfuata siku nyingi.

Aliporudi kwao, mwaka 1936, alionyesha mchezo wa Shakespeare, Macbeth, ku Harlem na wachezaji weusi watupu, jambo ambalo lilisemwa sana wakati ule. Mwaka 1937 yeye na John Houseman walianzisha kundi la teatri, Mercury, na mwaka uleule akaanza kusikika katika The Shadow, mchezo wa radio wa kutisha.

Tukumbuke kwamba siku zile televizyo haikuwa bado katika nyumba za watu. Jioni jamaa yote ilikaa karibu na radio, na michezo ya woga ilipendwa sana. Juu ya nini? Sababu jicho likiona linatosheka, lakini sikio likisikia, moyo unajitengenezea picha yake. Sisi pia tunajua mambo hayo. Mzee akitoa hadithi ya usiku kwa Kinande karibu na moto, haonyeshi zimwi hata moja, lakini mtoto anakataa kutoka inje peke yake!

Mwezi wa saba 1938 kampuni ya radio CBS ilimpa Welles saa moja kila juma. Alianza na Dracula. Kiisha, siku ya Mungu jioni, tarehe 30 mwezi wa kumi 1938, akaleta hadithi ya H. G. Wells juu ya viumbe kutoka sayari ya Mars wanaoshambulia dunia. Aliitengeneza kama habari za kweli: muziki wa kucheza unapigwa, unakatwa, mtangazaji anasema kitu kimeanguka ku Grover's Mill, New Jersey. Kiisha mtangazaji akiwa pale anaeleza moto na watu kukimbia, na mara moja sauti inakatika. Kimya.

Ku mwanzo walikuwa wamesema kwamba ni mchezo. Lakini wale waliofungua radio kwa kuchelewa hawakusikia. Tena mwezi uliotangulia watu walikuwa wamezoea kusikia habari za kweli zikikata muziki, juu ya hatari ya vita ku Ulaya. Wengine walikimbia nyumba, wengine wakapigia polisi simu. Asubuhi magazeti yakaandika kama vile Marekani yote imeshikwa na wazimu. Wenye kuchunguza wameonyesha kwamba magazeti yalizidisha. Wengi walikuwa wakisikiliza kipindi kingine. Woga ulikuwako, lakini habari ya woga ilipita woga wenyewe.

Juma moja nyuma, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja, Welles alicheza ku radio hadithi ya Joseph Conrad, yule aliyesafiri ku mto Kongo mwaka 1890. Kwa njia ile inchi yetu ikaingia kwao kama fasi ya giza, hata kama giza lenyewe lilikuja na wale waliofuata pembe za tembo.

Mwaka 1941 alitoa filme Citizen Kane, ambayo wengi wanaihesabu kati ya filme kubwa kabisa. Lakini sisi tunapenda zaidi kazi ya mwaka 1946. Isaac Woodard, askari mweusi aliyetoka vitani, alipigwa na polisi ku South Carolina mpaka akapofuka macho mawili. Welles alichukua radio, juma kwa juma, akitaka mwenye kosa ajulikane. Kwanza alitaja muji usio wenyewe. Alipopata ukweli, akausahihisha mbele ya wote. Polisi yule alijulikana na kuhukumiwa; baraza la wazungu watupu likamwachilia. Lakini habari ile ilimgusa Rais Truman, naye mwaka 1948 akaamuru ubaguzi uondoke katika jeshi.

Welles alikufa tarehe 10 mwezi wa kumi 1985, akiwa na miaka 70.

Mchezo wake, ukirudiwa na wengine, uliua. Ku Quito, Ecuador, mwaka 1949, watu walipojua wamedanganywa walichoma nyumba ya radio, na wengine wakafia mule.

Na sisi? Ebola ilipotangazwa katika mkoa wetu mwaka 2018, uvumi ulitembea mbio kupita ugonjwa. Wengine walisema Ebola haiko, ni biashara. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilichomwa. Mpaka mwezi wa sita 2020 watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Hapa hapakuwa na mchezo wala mchezaji, lakini sisi pia wengi tulifungua radio kwa kuchelewa.

Kwa hiyo, wandugu, kabla ya kupeleka neno mbele tuulize: ni nani aliyesema? Alikuwa fasi gani? Nimesikia tangu mwanzo? Na tukikosea, tusahihishe mbele ya wale waliotusikia. Mungu atulinde ndimi zetu. Masomo mema kwa wote.