Inca Garcilaso de la Vega na Neno Mestizo

Wapo watu ambao historia ya neno moja imo katika historia ya maisha yao. Mmoja wao ni Inca Garcilaso de la Vega, mwandishi aliyeishi katika kipindi ambapo Kihispania kilikuwa kikibuni msamiati wa kuwagawa binadamu kwa misingi ya damu.

Alizaliwa Cusco, nchini Peru, tarehe 12 Aprili 1539, miaka michache baada ya Wahispania kuuteka mji huo. Babake alikuwa kapteni Mhispania. Mamake, Chimpu Ocllo, alikuwa binti wa ukoo wa wafalme wa Inka. Alipewa jina Gómez Suárez de Figueroa, akakua akizungumza Kiquechua cha mamake na Kihispania cha babake. Hata hivyo, wazazi wake hawakuoana. Baba alimwoa mwanamke wa Kihispania, naye mama akaolewa na mwanamume mwingine.

Watoto wa aina yake waliitwa mestizo, neno lenye asili ya Kilatini na lenye maana ya aliyechanganyika. Kadiri walivyoongezeka na kudai urithi, ndivyo neno hilo lilivyozidi kubeba dharau.

Mnamo 1560, baada ya kifo cha babake, kijana huyu alifunga safari kwenda Hispania. Mjini Madrid aliomba fidia kwa utumishi wa babake na mali ya mamake. Ombi lilikataliwa, kwa kuwa waandishi wa historia walikuwa wameandika kwamba babake alimpa mwasi Gonzalo Pizarro farasi katika vita vya Huarina vya mwaka 1547. Maandishi ya wengine yakamfungia mlango. Mwaka 1563 alianza kutumia jina la babake, na katika tafsiri yake ya kitabu cha León Hebreo, iliyochapishwa mwaka 1590, akajitambulisha kama Inca. Jina lake likakusanya pande zote mbili za nasaba yake.

Kitabu chake mashuhuri, Comentarios Reales, kilichapishwa Lisbon mwaka 1609. Humo alitenga sura moja kuyafafanua maneno ya nasaba. Kuhusu criollo, alieleza kwamba lilibuniwa na Waafrika waliokuwa utumwani ili kuwatenganisha wenzao waliozaliwa Amerika na wale waliotoka Guinea. Kisha Wahispania wakaliazima kwa ajili ya watoto wao wenyewe. Kuhusu cholo, alisema limetoka visiwa vya Karibi, lina maana ya mbwa, na Wahispania walilitumia kutukana. Alipofika kwa mestizo, alikiri kwamba huko Amerika aliyeitwa hivyo alijiona ametwezwa. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alijiita hivyo waziwazi na kwa fahari, kwa kuwa ni jina walilopewa na baba zao.

Uzito wa kauli hiyo unadhihirika tukitazama kamusi ya Covarrubias ya mwaka 1611. Humo neno raza linatumika kwa farasi wa mbegu bora, ilhali kwa nasaba za watu linabeba aibu ya kuwa na damu ya Kiislamu au ya Kiyahudi. Mulato nalo linahusishwa na nyumbu. Lugha ya zizini ilikuwa imehamia kwa binadamu.

Garcilaso aliaga dunia Córdoba mwezi Aprili 1616, akazikwa katika kanisa kuu lililowahi kuwa msikiti. Baada ya uasi wa Túpac Amaru wa Pili, ulioanza mwaka 1780, serikali ya Hispania ilikipiga marufuku kitabu chake katika makoloni hayo.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, maisha yake yana funzo. Maana ya neno haikai katika sauti zake. Hukaa katika uhusiano wa anayeita na anayeitwa. Garcilaso hakuweza kulifuta neno mestizo, lakini alikataa kuwaachia waliomdharau uwezo wa kulifasiri peke yao.