Kurt Debus: Kutoka Spiriti ya Viazi hadi Bonde la Luvua

Maji ya Ziwa Mweru, yaoshayo mwambao wa Nchelenge nchini Zambia, hutoka ziwani huko Pweto na kuwa Mto Luvua. Ng'ambo hiyo, katika nyanda za Shaba, Zaire, ndiko roketi zilikorushwa mwaka 1977 na 1978. Mwenyekiti wa kampuni iliyozirusha alikuwa Dakta Kurt Debus, ambaye maisha yake yana mafunzo kwa kila askari.

Debus alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 29 Novemba 1908, akasomea uhandisi wa umeme. Katika Vita Kuu ya Pili alishughulikia majaribio ya roketi ya V-2 huko Peenemünde. Roketi hiyo ilichoma spiriti ya viazi iliyochanganywa na maji, pamoja na oksijeni ya kimiminika. Moyo wake ulikuwa pampu: mvuke wa haidrojeni peroksaidi ulizungusha turbini, nayo ikasukuma zaidi ya kilo 100 za vimiminika kila sekunde. Bila pampu, matangi yangehitaji kuta nene za kuhimili shinikizo, na uzito ungeilemea roketi. Hata hivyo, Debus alikuwa mwanachama wa SS, na V-2 ziliundwa na wafungwa waliokufa kwa maelfu.

Baada ya vita Marekani ilimchukua. Roketi ya Redstone, iliyompeleka Alan Shepard angani tarehe 5 Mei 1961, nayo ilitumia spiriti na pampu ya namna hiyo. Mwaka 1962 Debus alikabidhiwa kituo kilichokuja kuitwa Kennedy, kilikorushwa Apollo 11 mwaka 1969. Alistaafu mwaka 1974.

Ndipo akaongoza bodi ya OTRAG, kampuni ya Ujerumani ya Magharibi iliyoanzishwa na Lutz Kayser. Hapo pampu iliachwa kabisa. Hewa iliyoshindiliwa ilisukuma mafuta na asidi ndani ya mabomba ya bei nafuu yaliyofungwa pamoja. Mobutu aliipa eneo la kilomita za mraba 100,000. Roketi mbili ziliruka salama. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilianguka mbele ya macho yake. Mataifa kadhaa yalishuku kuwa ni makombora ya vita, na mwaka 1979 Zaire iliisimamisha kazi hiyo.

Debus alifariki tarehe 10 Oktoba 1983. Pampu ileile ilipeleka mauti London na mtu angani. Mlinzi wa mpaka asiyeijua mitambo hawezi kutambua kinachopita juu ya kichwa chake.