Aneurin Bevan na Pauni Milioni 13

Yako mambo katika makadirio ya fedha ya Serikali ambayo watu huyapita upesi kwa kuwa ni madogo. Macho huvutwa na mamilioni ya majeshi na ya barabara, na ada ndogo iliyoandikwa katika mstari mmoja huachwa ipite. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeacha uwaziri kwa ajili ya mstari mmoja wa namna hiyo. Naye hakuwa mpinzani wa Serikali. Alikuwa mwanachama wa chama kilichotawala, na Serikali yenyewe ilikuwa imewekwa na kura za wafanyakazi wenzake.

Aneurin Bevan alizaliwa tarehe 15 Novemba 1897 katika mji wa Tredegar, kusini mwa Wales, mmoja wa watoto 10 wa mchimba makaa ya mawe. Alipofika umri wa miaka 13 aliacha shule akaingia shimoni kama baba yake. Alikuwa na kigugumizi, na elimu yake ilikuwa ndogo. Lakini wachimbaji wa mji ule walikuwa wamejijengea maktaba kwa fedha zao wenyewe, na humo kijana huyu alisoma usiku baada ya kazi. Mwaka 1919 chama cha wachimbaji kilimpeleka London kusoma katika chuo cha wafanyakazi. Aliporudi mwaka 1921, wenye machimbo hawakutaka kumpa kazi, kwa maana walikwisha kumjua kuwa ni mtetezi wa wenzake.

Mambo mawili ya Tredegar yalimfunza zaidi ya chuo. La kwanza ni kifo cha baba yake mwaka 1925. Mzee yule aliuawa na vumbi la makaa lililojaa mapafuni mwake, na jamaa zake hawakupata fidia, kwa kuwa sheria ya siku zile haikuuhesabu ugonjwa ule kuwa umetokana na kazi. La pili ni chama cha matibabu cha mji ule. Wafanyakazi walikatwa sehemu ndogo ya mshahara kila juma, na kwa fedha hizo waliajiri madaktari, wakapata dawa wao na jamaa zao. Bevan aliona kwa macho yake kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba mgonjwa akifika mlangoni hana haja ya kuulizwa mfuko wake una nini.

Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Ebbw Vale kwa tiketi ya Chama cha Labour. Miaka miwili haikupita vema. Mnamo Agosti 1931 Hazina ya Uingereza ilikuwa katika shida, na Mawaziri wa Labour wakagawanyika juu ya shauri la kupunguza posho ya watu wasio na kazi kwa asilimia 10. Serikali ikavunjika. Waziri Mkuu, Ramsay MacDonald, akaungana na wapinzani wake, na posho ikapunguzwa. Kisha likaja jambo la kupima mapato ya nyumba nzima kabla ya kumpa mtu msaada, hata mshahara wa mtoto ukahesabiwa juu ya baba asiye na kazi. Bevan alilipinga jambo hilo miaka yote iliyofuata. Alikuwa ameona namna upungufu wa Hazina unavyopelekwa kwanza kwa mtu asiye na nguvu ya kuukataa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Chama cha Labour kilishinda, na Clement Attlee akamfanya Bevan kuwa Waziri wa Afya. Tangu sheria ya mwaka 1911, wafanyakazi wengi walikuwa na bima ya kumwona daktari, lakini wake na watoto wao hawakuwamo. Bevan alikataa kuendelea kushona viraka. Alizitwaa hospitali zikawa chini ya taifa, akapambana na madaktari waliokuwa wakimpinga kwa wingi, akawaridhisha mabingwa kwa kuwaachia nafasi ya kutibu wagonjwa wa kulipa. Tarehe 5 Julai 1948 matibabu yakaanza kutolewa bure kwa kila mtu.

Wasomaji wetu wanajua kwamba hakuna kitu cha bure kabisa. Lazima yuko anayelipa. Jibu la Bevan lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya gharama itoke katika kodi ya wote, ambayo mwenye mapato makubwa huilipa kwa wingi zaidi, wala isitoke katika mfuko wa mgonjwa siku anapougua. Katika mwaka wa kwanza ilitolewa miwani zaidi ya milioni 5. Wako waliosema huo ni ubadhirifu. Sisi twauliza: watu hao wote walikuwa wakionaje kabla yake?

Ndipo ukaja mwaka 1951. Vita vya Korea vilikuwa vikiendelea, na Serikali ilikwisha kuahidi kutumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika miaka mitatu. Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, alipoyasoma makadirio yake mwezi wa Aprili, aliwataka watu wazima walipe karibu nusu ya bei ya meno ya bandia na ya miwani. Fedha iliyotazamiwa mwaka ule ilikuwa pauni milioni 13.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Gaitskell hakuwa mtu asiye na huruma. Katika makadirio yale yale aliongeza kodi ya mapato na kodi ya faida inayogawiwa wenye hisa. Aliona kwamba gharama za afya lazima ziwe na mpaka, naye aliuweka penye pauni milioni 400. Tena Bevan mwenyewe, mwaka 1949, alikubali sheria iliyoruhusu kutoza shilingi moja kwa kila cheti cha dawa, ingawa wakati wake haikutozwa.

Lakini hoja zake zilikuwa na uzito. Alisema viwanda havikuwa na mitambo wala vifaa vya kuzimaliza fedha zile za silaha. Na kwamba ada ikishaingia mara moja, kila Waziri wa Fedha mwenye shida ataiongeza. Aliposhindwa katika Baraza la Mawaziri alijiuzulu, na pamoja naye Harold Wilson na John Freeman. Wengi chamani walimlaumu, na Labour ilishindwa katika uchaguzi wa mwezi wa Oktoba.

Matukio yalimjibia. Kabla mwaka haujaisha, Winston Churchill alilikiri Bungeni kwamba mpango ule wa silaha usingetimizwa kwa muda uliowekwa. Ada, hata hivyo, haikurudi nyuma: mwaka 1952 serikali yake ikaongeza ile shilingi ya dawa. Bevan alifariki tarehe 6 Julai 1960. Wilson, alipokuwa Waziri Mkuu, aliifuta ada ya dawa mwaka 1965. Na yeye huyo huyo, baada ya pauni kushushwa thamani, akairudisha mwaka 1968. Wales, nchi aliyozaliwa Bevan, iliifuta mwaka 2007.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mwaka 1951 ulifunguliwa na watu wema, wa chama chema, kwa fedha kidogo, nao, kwa upande wa dawa, haukuzibwa katika nchi ya Bevan mpaka mwaka 2007. Kwa hiyo twawaomba wanachama, kila makadirio yanaposomwa, waisome mistari midogo kwa makini kuliko mikubwa, nao waulize ni nani atakayelipa. Kuuliza hivyo si uasi kwa chama. Mwanachama asiyeuliza ndiye anayekiacha chama chake kipotee njia.