Mwalimu Nyerere: Msomi Aliyejua Anadaiwa



Vyuo vikifunguliwa, huku kwetu Same utaona vijana wanashuka kutoka Gonja, Mamba na Chome na mabegi yao, wanatafuta basi. Nyuma ya wengi wao kuna mzazi aliyeuza tangawizi ili ada ipatikane. Ndiyo maana leo nataka tumtazame msomi mmoja tunayemkumbuka kila Oktoba 14: Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Musoma na Tabora. Mwaka 1943 aliingia Makerere, na Desemba 23 mwaka huohuo akabatizwa. Baadaye alikwenda Edinburgh, akapata M.A. mwaka 1952.

Aliporudi alifundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu. TANU ilianzishwa Julai 1954 naye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akatakiwa achague: ualimu au siasa. Fikiria, ana mke, ana watoto, ana shahada ya Ulaya. Akaacha mshahara. Akarudi kwao, akawa anawafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri.

Kalamu nayo ilimgharimu. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa makala yake katika Sauti ya TANU iliyowakosoa maofisa wa kikoloni. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa, naye akaendelea na kazi.

Chuo kikuu chetu kilianza Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, kwenye jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kwa masomo ya sheria. Halafu ikaja Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwafukuza karibu 400. Wapo wanaosema alikuwa mkali mno, na kweli, kupoteza mwaka wa masomo si jambo dogo. Lakini hakuishia kwao. Papo hapo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na vigogo wa serikali nao wakapunguziwa. Wengi wa wale wanafunzi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Cha ajabu, katikati ya kazi zote hizo alikuwa akitafsiri Shakespeare! Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Mkulima asiyejua Kiingereza naye akafunguliwa mlango. Alipostaafu urais mwaka 1985 hakulala. Aliziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Alifariki London mwaka 1999. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma.

Mimi ninachokiona katika maisha haya ni kimoja: kwake elimu ilikuwa deni. Kila alichojifunza mbali alikirudisha nyumbani, kwa lugha ya nyumbani.

Sasa wewe unayesoma hapa ukiwa hosteli: ile tangawizi ya mama utairudishaje? Labda ni kumfundisha mdogo wako hesabu likizo hii, au kuandika ukweli kwenye simu yako badala ya kusambaza uvumi. Anza na hicho.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetupa akili na kalamu, utufundishe kuvitumia kwa ajili ya wenzetu. Amina.