Nondo Aliyebandikwa Daftarini: Maisha ya Grace Hopper

Wanachuo wenzangu, hapa kampasi ukitaja nondo, mmoja anawaza hoja nzito za seminani, mwingine anawaza shahada yenyewe. Mimi leo nina nondo wa kweli, yule mdudu mwenye mabawa anayezunguka taa za hosteli usiku. Nondo mmoja wa namna hiyo alikufa ndani ya kompyuta huko Marekani mwaka 1947, na mpaka leo ametunzwa katika makumbusho ya taifa lao. Ili kuelewa kwa nini, lazima tumjue mama mmoja aliyeitwa Grace Hopper.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Kuirudisha kukamshinda. Akafungua ya pili aone imekaaje, nayo ikamshinda, na hivyo hivyo mpaka saa saba za nyumbani zikawa vipande. Mama yake hakumchapa, ila akamruhusu kuchezea moja tu. Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza 1928, kisha akaenda Yale na kupata udaktari wa hisabati mwaka 1934. Wakati huo tayari alikuwa anafundisha Vassar.

Sisi wa ualimu tusiruke hapo. Huyu mama kabla ya kompyuta alikuwa mwalimu, tena wa aina yake. Aliwapa wanafunzi wa hisabati insha za kuandika. Wakalalamika, eti wao wamekuja kusoma hesabu, si lugha. Yeye akashikilia kwamba hesabu usiyoweza kumweleza mtu mwingine haina faida. Wazo hilo ndilo alilolibeba maisha yake yote.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, aliomba kujiunga na jeshi la majini. Umri ulikuwa umepita kidogo na uzito haukutosha, lakini aling'ang'ania mpaka akapewa kibali, akaapishwa Desemba 1943. Mwaka uliofuata wakampeleka Chuo Kikuu cha Harvard kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Msifikirie laptop, jamani. Ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi, imejaa swichi na mashafti yanayozunguka kwa kelele. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, yote namba tupu. Tundu moja likikosewa, hesabu nzima inaharibika, na mashine haikuambii ni tundu lipi.

Sasa tuje kwa nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, waliona haifanyi kazi sawasawa. Wakapekua, wakamkuta nondo amenasa ndani ya rilei, yaani swichi ya umeme. Wengi husimulia kwamba Hopper ndiye aliyemkuta na ndiye aliyebuni desturi ya kuziita hitilafu wadudu. Si kweli. Wahandisi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu enzi za Edison, na waliomtoa nondo ni wenzake. Yeye alikuwa katika kikosi hicho, na ndiye aliyeisambaza hadithi miaka yote iliyofuata.

Kilicho kizuri zaidi katika kisa hiki ni daftari. Wale mafundi wangeweza kumtupa nondo na kuendelea na kazi. Badala yake walimbandika kwa utepe wa gundi, wakaandika saa, paneli F, rilei namba 70. Mtu ambaye hakuwepo siku ile, hata sisi leo, anaweza kujua nini kilitokea, wapi na lini. Mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi bila jina la mahali na tarehe ni jani tu, haumsaidii mtafiti. Ukiwa na lebo, mtu wa miaka mia ijayo atajua ulichumwa msitu wa Magamba na si Amani.

Kompyuta za leo nazo zina daftari lao. Mfumo endeshi ukianguka, hauondoki kimya. Linux, kwa mfano, hutoa rekodi ndefu inayoonyesha kazi gani ilikuwa inafanyika, nani alimwita nani, mpaka pale ilipokwama. Tatizo ni kwamba ndani yake mashine inajua anwani tu za kumbukumbu, namba ndefu zilizochanganyika na herufi. Mbaya zaidi, siku hizi kwa sababu za usalama mfumo huhamisha anwani hizo kila unapowashwa, kwa hiyo namba ya jana si ya leo. Mwandishi wa programu akitumiwa namba tupu, hana pa kuanzia. Akipata jina la kazi iliyokwama, toleo la mfumo, na ikiwezekana faili na mstari wenyewe, anafungua moja kwa moja pale penye ugonjwa. Ndiyo maana kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuifanya rekodi hiyo isomeke: kugeuza namba kuwa majina.

Mpigie fundi wa Mombo umwambie tu gari imekufa njiani. Atakuja na spana zote au aje bila ile inayotakiwa. Mwambie imezimika kona za juu ya Soni, ikipanda, baada ya rejeta kuchemka. Hapo anajua abebe nini.

Kugeuza namba kuwa majina ndiyo kazi iliyompa Hopper heshima. Pale Harvard, yeye na wenzake walikuwa wakinakiliana vipande vya programu kutoka madaftarini kwa mkono, na kila wakinakili anwani zilikosewa. Mwaka 1952, akiwa katika kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC, alikamilisha A-0, programu iliyoiachia mashine yenyewe kazi ya kuvitafuta na kuviunganisha vipande hivyo. Wengi walimwambia kompyuta haiwezi kuandika programu. Hakusubiri wakubali. Akatengeneza FLOW-MATIC, lugha ya kuiagiza kompyuta kwa maneno ya kawaida, ambayo ilichangia sana kuzaliwa kwa COBOL mwaka 1959. Kuna wakati aliwaonyesha mabosi wake kwamba amri zilezile zinaweza kuandikwa kwa Kifaransa au Kijerumani. Wakashtuka, maana waliona kompyuta ya Marekani lazima iongee Kiingereza. Yeye alijua kwa mashine zote ni alama tu. Waliohitaji maneno ni watu. Sisi wenye Kiswahili tulitafakari hilo.

Jeshi lilimstaafisha 1966, likamwita tena 1967. Alizunguka vyuoni akigawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili muda usioonekana uweze kushikwa mkononi. Hiyo ndiyo zana ya kufundishia! Alistaafu kabisa Agosti 1986, akiwa admirali mwenye miaka 79, na akafariki tarehe 1 Januari 1992.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kompyuta ya maabara ikigoma, wengi wetu tunaizima na kuiwasha, tunasema imekataa, tunahamia nyingine. Kesho inamgomea mwenzako akiwa katikati ya kazi ya kukusanya. Andika ulikuwa unafanya nini, saa ngapi, na ujumbe ulisemaje, umpe fundi.

Na mwezi tutakapopangiwa shule za mazoezi, huko Mlalo, Bumbuli au Korogwe, tutashika kalamu nyekundu. Mkasi mkubwa juu ya hesabu ya mtoto ni sawa na mfumo ulioanguka bila rekodi: anajua amekosa, hajui wapi. Mzungushie mstari ule ule alipopotea, umwandikie kwa neno moja kwamba alisahau alama ya kutoa. Darasa lina watoto wengi, najua, na kusahihisha hivyo kunachukua muda. Lakini mtoto aliyeonyeshwa mstari anaweza kurekebisha mwenyewe, na wiki ijayo hutausahihisha tena.